Saateni kwa anaeshona mwenyewe: acheni nguo, tizameni mashuka

Wengi tukenda Saateni, soko la mitumba hapa mjini Unguja, tunakwenda kutafuta nguo, blauzi, jinzi, viatu vya watoto. Mie siku hizi nguo sizitizami kabisa, napita moja kwa moja kwenye mashuka na mapazia maana nashona mwenyewe, na nakwambieni kwa anaeshona hapa mjini sijaona pahala pengine pa kupata kitambaa kwa bei ile.

Hebu pigeni hesabu. Mchangani, kwenye maduka ya vitambaa, mara ya mwisho kitambaa cha pamba nimeuziwa elfu saba mita, na dira la mtu mzima linakula mita tatu, hujagusa uzi wala fundi. Shuka la mtumba la kitanda kikubwa mie nachukua elfu tano, nikimbembeleza muuzaji elfu nne, na lina upana wa mita 2 na urefu unapita hapo, kwa hiyo natoa dira langu, natoa na kigauni cha mtoto, na vipande vinabaki. Na dira ndio nguo ya kujifunzia maana halitaki vipimo vingi, pana pana tu, ukijua kukata shingo na kupinda pindo umemaliza.

Lakini shuka si lolote tu. Kwanza lifunue lote ulinyanyue juu kwenye mwanga, utaona katikati pale mtu alipokuwa analala pamekuwa pepesi mpaka unaona vidole vyako, pembeni bado pagumu. Hilo usilikatae, dai bei ipungue, halafu gauni ulikate pembeni na ile katikati fanya bitana au matambara. Kuna kibanda kimoja, sikitaji, yule bwana hataki kabisa umfunulie shuka zake, anakwambia chukua kama lilivyo, basi pale mie sinunui hata akinipa kwa elfu mbili.

Cha pili ni pamba au polista, na hapa ndipo watu wanapoumia, hasa wakati wa kaskazi, dira la polista utalivaa saa moja tu utataka kulivua. Tafuta lebo kwenye pembe, ikiwa imeandikwa Cotton au ile ya Wajerumani Baumwolle, na asilimia 100, chukua. Ikisema 50 kwa 50 bado inavalika, haikunjani sana, ila joto lipo. Lebo imekatwa? Chomoa uzi mmoja utoke nao nje ukauwashe kiberiti (nje jamani, msije mkatuchomea soko), pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yanapukutika, polista inayeyuka inajikunja inaacha kidonge kigumu.

Mapazia mie nayapenda kidogo tu. Yale mazito ya maua hayavaliki lakini yanatoa mikoba mizuri ya chuo cha Kurani, juzuu na kijaluba vinaingia na mtoto akiuburura mkoba chini hauchaniki upesi. Mepesi yanafaa bitana. Yaliyotiwa mpira nyuma achaneni nayo.

Ukifika nyumbani usikate shuka siku hiyo hiyo. Roweka maji ya moto na sabuni, suuza vizuri ulitie tahara maana hujui limetoka wapi na utasalia nalo, anika juani. Pamba nyengine inarudi, na afadhali irudi ikiwa shuka kuliko ikirudi ikiwa gauni. Ile harufu ya mtumba ikigoma, fukiza udi, itaondoka.

Kushona kwenyewe cherehani ya mguu inatosha, mie nnayo Butterfly kongwe na inakwenda mpaka jinzi, ila badilisha sindano: namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa shuka la kawaida, 16 kwa jinzi. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke, sina, nampelekea fundi wa mtaani ananipitishia kingo kwa pesa kidogo. Na huyo huyo fundi ndie anaenipa vipande, mfuko mzima wa vitenge na satini vilivyobaki kwenye nguo za watu, mie natolea kola, mifuko, na ukanda wa mikononi, kwa hiyo shuka jeupe halionekani shuka tena. Kwenye maduka ya vitambaa ulizeni pia mwisho wa jora, kile kipande ambacho hakitoshi gauni wanakiachia rahisi, kinatosha kwa mtoto.

Na wanaoona aibu nguo za kuungaunga, kanga zenyewe wazee wanahadithia zilianza hivyo hapa hapa Unguja karne ya 19, wanawake wananunua leso za mkono hazijakatwa, wanaziunga sita mpaka ikawa nguo moja.

Kisichofaa ni sare za skuli, rangi haikubali hata utafute vipi, hizo nunua kitambaa kipya. Na kanzu ya mtoto inatoka kwenye shuka jeupe lakini lazima liwe zito, jepesi linaonesha ndani.

Nendeni asubuhi belo linapofunguliwa, jioni yanabaki yenye madoa. Na msingoje kumi la mwisho la Ramadhani, wakati huo hata shuka lenye tundu linapanda bei na mafundi hawana nafasi ya kukupitishia ovaloki. Mie shuka zangu za Idi nanunua Rajabu, soko limetulia na muuzaji mwenyewe ndie anaekuita.