Nauli ya Afrika Mashariki kwenda Marekani: hesabu tiketi kabla ya kufurahia bei

Malalamiko ya wasomaji kuhusu safari za Marekani na Kanada yanafanana mno. Mtu kapata nauli ya chini kuliko zote, kalipa, kafika Amsterdam au Istanbul, na pale kaunta anaambiwa kuwa ndege iliyomleta na ile anayoifuata hazina uhusiano wowote. Begi halikuwekewa lebo ya kufika mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili imeondoka, na hakuna shirika linalokubali kubeba lawama. Mwongozo huu unashughulika na kasoro hiyo karibu peke yake, maana mengine mmeshayasikia: epukeni Desemba na miezi ya Juni hadi Agosti, kateni tiketi miezi miwili hadi minne kabla, angalieni siku za katikati ya wiki.

Kasoro yenyewe ni tiketi mbili zilizofichwa ndani ya bei moja. Tovuti ya kulinganisha nauli inachukua ndege ya shirika moja mpaka Ulaya au Ghuba, inaibandika na ndege ya shirika jingine lisilo na mkataba na lile la kwanza, kisha inakuonyesha jumla kana kwamba ni safari moja. Onyo huwepo, ila kwa maandishi madogo: kwamba utajihamisha mwenyewe, au utachukua mzigo na kuuandikisha upya. Ukiona maneno ya namna hiyo, hiyo si nauli nafuu. Ni nauli ambayo hatari yake yote umeuziwa wewe.

Kuikagua ni rahisi. Karibu kila tiketi ya ndege ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 074 KLM, 235 Turkish, 157 Qatar, 176 Emirates. Tiketi moja hubeba kuponi nne, yaani kuponi moja kwa kila ndege unayopanda, kwa hiyo Dar es Salaam, Addis Ababa, Washington na kurudi kwa njia ileile inaenea kwenye namba moja. Ukiongeza ndege ya ndani ya Marekani kwenda na kurudi, kuponi zinakuwa sita na utapewa namba mbili zinazofuatana. Hapo hakuna ubaya, bado ni tiketi moja. Ubaya ni pale namba moja inapoanza na 071 na nyingine na 016 ya United, kila moja kwa malipo yake. PNR (ile kodi ya herufi na tarakimu ya kushikia nafasi) zikiwa mbili peke yake zisikutishe, kwa sababu kila shirika huweza kuwa na PNR yake kwa tiketi ileile. Tazama namba ya tiketi.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Kwanza, ukiikosa ndege ya pili kwenye tiketi tofauti, unahesabiwa kuwa hukutokea, na asiyetokea hufutiwa kuponi zote zilizobaki, za kurudi nyumbani zikiwemo. Kwenye tiketi moja, shirika lililokuchelewesha ndilo lenye kazi ya kukutafutia ndege nyingine.

Pili ni visa, na hapa ndipo watu wanapozuiwa hata kabla ya kuondoka. Mwenye visa halali ya Marekani anaweza kusubiri ndani ya eneo la wapitao pale Amsterdam bila visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo. Lakini kama begi lake linaishia Amsterdam, lazima avuke uhamiaji kwenda kulichukua, na kuvuka huko kunataka visa ya Schengen. Mhudumu wa Dar au Entebbe anaona tiketi inayoishia Uholanzi na pasipoti isiyo na visa hiyo, anamkatalia kupanda. Na yuko sahihi. Wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wawe makini zaidi: wao huhitaji visa ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata wasipotoka nje, isipokuwa kama wana visa halali ya nchi kama Marekani au Kanada, au hati ya ukaazi inayokubalika.

Tatu ni mizigo. Kanuni ya Marekani inataka kiwango cha mabegi kinachotumika mwanzo wa safari kitumike mpaka mwisho, mradi tiketi inaanzia au inaishia Marekani. Ukitoka Kigali na mabegi mawili ya kilo 23 kwa tiketi moja mpaka Minneapolis, ndege ya ndani haikudai senti kwa mabegi hayo. Ukikata kipande cha ndani peke yake, mashirika mengi ya kule hutoza kuanzia dola 35 kwa kila begi, kwenda tu. Kwa mabegi mawili, kwenda na kurudi, ile nafuu uliyoifurahia imekwisha.

Jambo moja kwa kawaida halibadiliki hata kwa tiketi moja: kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani utachukua begi, utapita forodha, utalirudisha kwenye mkanda. Acha nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege, si saa moja na nusu, hata kama mfumo unakuruhusu kuuziwa muda mfupi.

Sasa mpangilio wangu. Namba moja ni Ethiopian, na sioni haya kulipendelea. Linachukua abiria Dar, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na kutoka Addis linakwenda lenyewe Washington, Newark, Chicago, Atlanta na Toronto. Maana yake shirika moja linakubeba kuvuka Atlantiki, na ukitaka kuendelea mbele, United wako nalo kwenye Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, kwa hiyo kipande cha mwisho kinaingia kwenye tiketi ileile. Nauli zake za kawaida huja na mabegi mawili ya kilo 23. Udhaifu wake ni wa kijiografia: uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege nzito haiwezi kuruka na mafuta ya kutosha kufika Marekani. Ndiyo maana wakati wa kwenda huweza kutua njiani kuongeza mafuta, ilhali kurudi baadhi ya safari huja moja kwa moja.

Namba mbili ni Kenya Airways, Nairobi hadi New York bila kutua, safari iliyoanza Oktoba 2018. Ni saa 15 hivi kwenda. Kwa mkazi wa Nairobi anayekwenda New York hakuna cha kuunganisha, basi hakuna cha kuharibika. Anayetoka Dar ahakikishe kipande cha Dar–Nairobi kimo ndani ya tiketi hiyohiyo. Wa Arusha wanaopanda basi dogo kupitia Namanga wafike Nairobi siku moja kabla.

Turkish, Qatar na KLM ni mashirika mazuri na mara nyingine bei zao hushuka chini ya hao wawili. Yachukueni yakiwa tiketi moja, basi. Ile nauli ya chini kabisa ya kubandikwabandikwa naiweka mwisho. Inamfaa tu mwenye begi la mkononi, visa ya pale anapopita, na usiku mzima kati ya ndege na ndege.

Tovuti za kulinganisha zitumieni kutazamia, kisha nunueni kwa shirika lenyewe. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, shirika lazima likushikilie nauli bila malipo kwa saa 24, au likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha zote, ikiwa umekata siku saba au zaidi kabla ya safari. Wakala habanwi na kanuni hiyo.

Na mawakala, kwa kweli, baadhi yao wanatutesa. Bango linasema "kuanzia dola" kadhaa, ukifika dukani unakuta hiyo ni ya kwenda tu, kodi na ada bado. Mbaya zaidi ni karatasi nzuri yenye PNR, jina lako na saa za ndege, lakini haina namba ya tiketi. Hiyo ni nafasi iliyoshikiliwa tu. Shirika limeipa muda wa kulipiwa, muda ukipita mfumo unaifuta wenyewe, na wewe umeshatoa fedha taslimu. Lipa huku tiketi ikitolewa mbele yako, kabla hujaondoka dukani fungua tovuti ya shirika, ingiza PNR na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, uone zile tarakimu 13 ndipo uchukue risiti na kuondoka.