Kumwaga oili mwenyewe gari likiwa bado kwenye waranti: uzoefu wangu hapa Dar

Nianze na msimamo wangu, asiye na muda wa kusoma yote aupate mapema. Ukiwa na gari jipya hapa Dar, kumwaga oili mwenyewe kunafaa sana, ila isiwe badala ya sevisi ya wakala aliyekuuzia gari. Sevisi za kwenye ratiba mpelekee wakala akugongee muhuri kitabuni. Katikati ya muhuri mmoja na mwingine, badilisha wewe. Nimeufikia msimamo huu baada ya kusoma kijitabu cha waranti neno kwa neno, na baada ya dai moja lililonitoa jasho. Nalieleza huko chini.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli, dabo kabini, niliyoinunua mpya ikiwa na waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Nasambaza chakula cha kuku: Chanika, Goba, Mbezi, na Kigamboni. Anayezijua njia hizo hahitaji maelezo marefu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, Barabara ya Mandela ni foleni, na ukiamua kuvuka kwa pantoni pale Magogoni unaweza kukaa na injini ikiunguruma muda mrefu bila gari kusogea.

Kitabu cha gari langu kinataka oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 au miezi 6. Wengi tunaishia hapo. Fungua kurasa zinazofuata, utakuta orodha ya matumizi magumu: barabara za vumbi, mzigo mzito, safari fupi fupi, injini kuunguruma sana gari likiwa limesimama. Kwa matumizi hayo kitabu kinakata ratiba nusu, yaani kilomita 5,000. Mimi nilipoisoma ile orodha niliona wiki yangu nzima imeandikwa pale. Na kuna jambo ambalo watu hawaliangalii: odomita haihesabu foleni. Ukikaa saa nzima kati ya Ubungo na Buguruni, injini imefanya kazi saa nzima, oili imepikika saa nzima, lakini kilomita zilizosomeka ni chache tu.

Nilipomuuliza dada wa mapokezi kwa wakala kuhusu hiyo nusu, akanijibu kwa upole kwamba 10,000 inatosha, na nikitaka kuja 5,000 nakaribishwa, bei ni ileile ya sevisi kamili. Kwangu hiyo ni bei mara mbili kwa mwaka, ukiongeza na siku nzima ya kazi inayopotea kila mara. Hapo ndipo nikaamua ile ya katikati niifanye mwenyewe nyumbani.

Kabla ya kugusa spana nilitafuta jibu la swali moja: je, waranti inakufa? Mtandaoni utakutana na watu wanaosema kwa uhakika kabisa kwamba haifi na kampuni haina haki ya kukukatalia. Wengi wao wako Marekani, na kwao kwa sehemu kubwa ni kweli, kwa sababu wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kukufunga utumie karakana yake au spea za chapa yake tu ili waranti iendelee. Afrika Kusini nao walitoa mwongozo wa ushindani ulioanza Julai 1, 2021, unaompa mwenye gari nafasi ya kwenda gereji huru bila kupoteza waranti. Lakini sheria ya Marekani haivuki bahari, na mwongozo wa Afrika Kusini haufiki Kariakoo. Hapa kitu cha kwanza kukutazama ni kile kijitabu ulichokabidhiwa pamoja na funguo. Ukishindwana kabisa na muuzaji, mlaji ana mlango wa kugonga, nao ni FCC, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ila mimi nasema ni afadhali usifike huko, na njia ya kutofika huko ni kuuliza mapema kwa maandishi.

Nilimwandikia wakala barua pepe fupi. Nikasema nitaendelea kuleta gari kwake kila kilomita 10,000, na katikati nitabadilisha oili na filta mwenyewe kwa oili ya kiwango kilichoandikwa kitabuni na filta halisi nitakayoinunua dukani kwake. Je, kuna pingamizi? Majibu yalichelewa, nikakumbusha, nikakumbusha tena. Hatimaye yakaja: hakuna pingamizi, mradi viwango vizingatiwe na risiti zitunzwe. Barua pepe ile imenifaa kuliko spana zote nilizonazo.

Sasa oili. Hapa ndipo pana mitego mingi zaidi, na ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo.

Fundi wa mtaani, tena fundi mzuri kabisa ninayemheshimu, aliniambia, "Kaka, Dar joto, weka nzito, hiyo nyepesi itakuyeyukia." Ushauri huo una asili yake. Magari mengi tunayoyatumia yameingia nchini yakiwa yameshatembea sana, injini zimelegea, na oili nzito inapunguza moshi na kelele. Injini mpya ni habari nyingine. Njia zake za oili ni nyembamba, tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) inazunguka kwa kasi kubwa, na mtengenezaji amepiga hesabu zake kwa oili ya uzito fulani. Kwenye namba kama 5W-30, ile ya mbele yenye W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na ya nyuma inaeleza uzito wake ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Joto la injini iliyokwisha kupasha halitofautiani sana kati ya Dar na Njombe, kwa sababu thamostati na rejeta vinalisimamia. Kwa hiyo joto la nje si sababu ya kuacha kitabu, na gari likiwa kwenye waranti sababu hiyo haipo kabisa. Weka kilichoandikwa.

Ukishapata uzito, angalia daraja. Petroli huanza na herufi S, kama SN au SP. Dizeli huanza na C, kama CI-4 au CK-4. Watu wanakariri 5W-30 na kusahau herufi hizi, wakati ndizo zinazosema oili imepimwa kwa kazi gani. Na kama dizeli yako ina kichujio cha masizi kwenye eksozi, kitabu kitataka oili inayoacha majivu kidogo. Ukiweka nyingine kichujio kitaziba, na hapo wakala atakuwa na haki ya kukukatalia.

Oili feki zipo mjini, na nyingine zinajazwa kwenye galoni halisi zilizookotwa. Sinunui oili Gerezani wala Shaurimoyo, ingawa spea nyingine nanunua huko bila wasiwasi. Oili nanunua kwenye kituo cha mafuta cha chapa yenyewe au kwa msambazaji wake. Naangalia lakiri ya mfuniko na namba ya toleo iliyopigwa kwenye galoni. Ikiwa imefutika au imebandikwa juu ya nyingine, naiacha. Na galoni yangu tupu naitoboa kwa msumari kabla ya kuitupa, isije ikamrudia Mtanzania mwenzangu imejazwa uchafu.

Kazi yenyewe si ngumu. Napasha injini kidogo, oili iwe vuguvugu itoke vizuri, isiwe ya kuunguza. Gari linasimama kwenye sakafu iliyonyooka, breki ya mkono juu, mawe nyuma ya tairi. Pikapu yangu iko juu, naingia chini bila kuinyanyua. Mwenye gari la chini atumie stendi imara. Kulala chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake ni kuuchezea uhai, na hilo silitanii hata kwa fundi mzoefu. Nati ya kumwagia oili nafungua, naacha itiririke mpaka ibaki matone. Washa ya nati, yaani ile pete nyembamba inayoziba kati ya nati na injini, naweka mpya kila mara. Ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ya zamani imeshabonyea na ndiyo huleta tone moja moja sakafuni. Nati naikaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni, maana uzi wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukiliwa, hiyo hakuna waranti itakayoubeba.

Filta ina siri moja. Ukiitoa ya zamani, iangalie kama mpira wake umetoka nayo. Mara nyingine mpira unabaki umegandia kwenye injini, ukifunga filta mpya juu yake mipira inakuwa miwili, na oili yote inaweza kumwagika ukiwa barabarani. Naufuta uso kwa kitambaa safi, napaka mpira mpya oili kidogo kwa kidole, nakaza kwa mkono kama maelekezo yaliyokuja na filta yanavyosema.

Kisha najaza, lakini siimimini yote. Nawasha injini dakika moja hivi, nachungulia chini kama kuna uvujaji, nazima, nasubiri dakika kama tano oili ishuke, ndipo napima. Lazima ikae kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia oili. Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza, kwani krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, huipiga oili iliyozidi ikatoa povu, na shinikizo ndani ya injini hupanda. Na usishtuke oili ya dizeli ikigeuka nyeusi mapema. Ni masizi, ndiyo kazi yake kuyabeba.

Oili chafu siimwagi kwenye mtaro. Msimbazi umebeba ya kutosha. Naihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, likijaa napeleka kwenye gereji ninayojua inawauzia wakusanyaji. Kuna majirani huiomba wapake nguzo dhidi ya mchwa. Huwa nawaeleza kwamba ina chembe za chuma na sumu, haifai kushikwa na mikono mitupu wala kupakwa karibu na kisima.

Sasa kumbukumbu. Risiti ya EFD inachapwa kwa joto, bila wino, na ndani ya gari la Dar inafutika haraka, ibaki karatasi nyeupe. Naipiga picha palepale dukani. Tena naomba muuzaji aandike jina la bidhaa kamili, oili ya namba fulani na ujazo fulani, maana nyingi hutoka zimeandikwa "SPEA" tu, na hiyo haithibitishi kitu. Halafu picha ya odomita, ya galoni, ya filta mpya na ya zamani zikiwa pamoja, na ya kijiti baada ya kupima. Zote zinakaa kwenye folda moja ya simu na nakala kwenye barua pepe.

Zilikuja kuhitajika. Nilianza kuona unyevunyevu wa oili pale injini inapokutana na gia boksi. Nikapeleka kwa wakala. Fundi mkuu alipoangalia rekodi akasema, "Bosi, hii injini imeguswa nje. Seal ya nyuma ya krenki imeachia, waranti inaweza kukataa." Seal ni ule mpira unaozuia oili isivuje. Nikamuuliza, kwa heshima, kumwaga oili kunaharibuje seal ya krenki. Akasema mtu akizidisha oili, shinikizo linaisukuma. Ni hoja ya kweli, sikuibishia. Nikamfungulia picha za kijiti, tarehe na odomita vinaonekana, oili iko kati ya alama. Nikamwonyesha risiti, kisha barua pepe ya ofisi yao wenyewe. Akanyamaza, akaziomba zote azitume kwa mtengenezaji.

Nilisubiri muda uliouma, kwa sababu pikapu ndiyo riziki. Jibu likaja kwamba seal inabadilishwa kwa waranti, kazi ya kushusha gia boksi ikiwemo. Sikulipa. Lakini niliona wazi kwamba bila ile picha ya kijiti ningekuwa nabishana kwa maneno, na maneno ya mwenye gari hayana uzito mbele ya kaunta ya wakala.

Kwa hiyo nani afanye? Mwenye sehemu iliyonyooka ya kufanyia kazi, anayeendesha kwenye vumbi au foleni, na asiyechoka kutunza karatasi. Anayepanga chumba cha uani ambako gari linalala barabarani, namshauri ampe fundi anayemwamini huku yeye mwenyewe akinunua oili na kupiga picha. Na mwenye gari linalotembea kidogo tu wikendi kwenye lami, sevisi ya wakala inamtosha.

Unayenunua gari jipya sasa hivi, omba kijitabu cha waranti ukisome kabla ya kulipa. Tafuta mahali panapotaja sevisi za nje na viwango vya oili. Kama pameandikwa kwamba sevisi zote lazima zifanyike kwao, waulize kwa barua pepe kama kubadilisha oili katikati ya ratiba kunahesabika, na usifungue nati mpaka jibu liingie.