Kliniki ya moyo hospitali ya wilaya: presha wanapima vizuri, miguu wanaisahau

Hospitali siitaji jina. Ni ya wilaya, Kanda ya Ziwa, na kliniki ya moyo na presha ipo siku mbili kwa wiki. Nimepeleka wazee wa nyumbani hapo zaidi ya mwaka, na kwa kuwa kazi ya wodini naifahamu, naangalia mikono ya wahudumu kuliko rangi ya ukuta. Kwa presha na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nawapa nne kati ya tano. Kwa mishipa ya miguu nawapa mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Presha kwanza. Muuguzi anakukalisha dakika 5 kabla ya kugusa mashine. Mgongo unaegemea kiti, nyayo ziko sakafuni bila kukunja nne, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na hakuna kupiga soga mkanda ukijaa. Anapima mara mbili, akiacha dakika moja katikati, na mgonjwa mgeni anapimwa mikono yote miwili. Haya ndiyo mambo ambayo kwingine hurukwa, na ndiyo yanayoharibu namba: mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, presha inasoma pointi 7 au 8 za bure. Kibofu kilichojaa nacho kinapandisha, kwa hiyo pita chooni kabla hujaitwa.

Kasoro ni mkanda. Mezani upo mmoja, wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mtu mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa huo, presha itasoma juu kuliko ilivyo, na anaweza kutoka na dawa ya ziada asiyoihitaji. Pima mkono wako nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, sema mapema, "Sista, naomba mkanda mkubwa." Upo, unakaa wodi ya wanaume, na wakiombwa wanaufuata bila kununa.

ECG inafanyika siku hiyo hiyo na fundi wake ni makini. Anafuta jasho, ananyoa nywele za kifua pale tu waya zinapokaa, na anahesabu mbavu kwa kidole mpaka nafasi ya nne ndipo abandike vibandiko viwili vya kwanza vya kifuani. Kwingine hubandikwa juu mno, karatasi ikaja na picha ya shambulio la moyo ambalo halikutokea. Waya za mikono ya kulia na kushoto zikibadilishana, lidi ya kwanza, yaani mchoro wa kwanza kwenye karatasi, hutoka kichwa chini miguu juu. Ukimwona daktari anaomba kipimo kirudiwe, usidhani anakuzungusha. Karatasi yenyewe ni ya joto kama risiti ya dukani: ndani ya mfuko wa plastiki inafifia. Ipige picha kwa simu kabla hujatoka getini. Na kifua kinachobana, kikienda mkono wa kushoto au taya pamoja na jasho jembamba, hakisubiri siku ya kliniki. Hicho ni cha mapokezi ya dharura, hata usiku wa manane.

ECHO, yaani ultrasaundi ya moyo, wanafanya siku moja tu kati ya hizo mbili, foleni ndefu. Dai majibu yaandikwe namba: sehemu ya damu iliyojaa chumba kikuu cha moyo inayosukumwa nje kwa kila pigo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 55 na kuendelea. "Moyo umetanuka kidogo" peke yake haimsaidii daktari wa hospitali ya rufaa ya Bugando au wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete utakayempelekea rufaa.

Dirisha la dawa lina amlodipine na losartan za presha karibu siku zote, furosemide, dawa ya kukojoa, hukatika. Maelezo ya dawa ni mazuri isipokuwa kwa watu wa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Wanaambiwa "acha mboga za majani", jambo ambalo si sahihi. Mchicha, matembele na kisamvu kula, ila kiasi kisipande na kushuka wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo ndiyo inayovutana na dawa. Kinachotakiwa kusemwa kwa sauti, na hakisemwi, ni metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, ya duka la dawa: siku chache tu za kuimeza pamoja na warfarin zinaweza kuipandisha INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, mbali juu ya 2 hadi 3 wanayolenga wengi, na mtu akavuja damu. Diclofenac ya maumivu nayo iacheni. Inamweka mwenye warfarin hatarini zaidi kuvuja damu, na kwa mwenye moyo dhaifu inazuia maji kutoka mwilini.

Sasa miguu. Miguu ikivimba, jibu la haraka la kliniki hii ni furosemide. Lakini amlodipine, hasa ya miligramu 10, huvimbisha vifundo vya miguu bila moyo kuwa na shida yoyote, na dawa ya kukojoa haiutoi uvimbe huo; inapunguzwa au inabadilishwa amlodipine yenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hiyo ni habari nyingine kabisa: ulizia ultrasaundi ya mishipa siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda.

Na mzee wa kisukari anayesema shavu la mguu linambana akitembea, linaachia akisimama, anapewa dawa ya maumivu. Kipimo chake ni dakika 15. Analala chali dakika 10, anafungwa mkanda wa presha juu ya kifundo, doppler, kifaa kinachotoa sauti ya damu ikipita, inasikiliza mshipa wa juu ya mguu, upande usiokanyaga chini, na ule wa nyuma ya kifundo cha ndani. Unajaza mpaka sauti ipotee, unaachia taratibu, unaandika namba sauti inaporudi. Kubwa ya mguu igawe kwa kubwa ya mikono. Mkono 150, mguu 105: ni 0.70. Kuanzia 0.90 kushuka mshipa umesinyaa au umeziba, na mtu huyo moyo na ubongo wake navyo viko hatarini. Ikizidi 1.40 usishangilie, mishipa imekakamaa, kwa wenye kisukari hutokea sana. Kumfunga bandeji ya kubana mtu wa 0.40 ni kumtafutia kukatwa mguu.

Nilipouliza, niliambiwa doppler ipo, chumba cha kujifungulia. Ile ni ya kusikiliza mapigo ya mtoto, megahezi 2 au 3, inatazama kina kirefu mno kwa mshipa ulio chini tu ya ngozi. Karatasi niliyotumbukiza kwenye sanduku la maoni iliomba kitu kimoja: doppler ya mkononi ya megahezi 8, na chupa ya jeli.