Treni hadi Korogwe, Basi hadi Tanga, na Nyumba ya Wageni ya Raskazone

Mwenye haraka ya kufika Tanga kutoka Dar es Salaam hupanda basi alfajiri na mchana akala Ngamiani. Mimi na mke wangu hatukuwa na haraka hiyo. Tulikata tiketi za behewa la kulala, daraja la pili, katika treni iendayo Moshi na Arusha, tukijua kwamba haifiki baharini na kwamba abiria wa Tanga hushukia Korogwe.

Jambo hilo lina kinaya chake. Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapanda kidogo kidogo kupitia Muheza na Korogwe hadi ikafika Moshi mwaka 1911, na Dar es Salaam haikuunganishwa nayo mpaka mwaka 1963, kilipokamilika kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Sasa msafiri wa kutoka Dar es Salaam hulazimika kuiacha reli ili aufikie mji ulioizaa.

Safari yenyewe, iliyorejeshwa kwa abiria Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini, ni ya mtu anayependa kutazama. Mwendo ni wa taratibu. Baada ya Ruvu njia inaelekea kaskazini na kuingia porini, na kila treni inaposimama wanakuja wauzaji wa mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, taa zao zikiyumba chini ya madirisha. Nililala vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mzee wa kitanda cha chini alikuwa na hadithi nyingi za kazi yake ya zamani ya kutandika mataruma, nami sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Tulishuka Korogwe usiku mkubwa, tukasubiri mapambazuko, kisha tukapanda basi dogo ambalo kondakta wake alituambia mizigo ni bure na akatudai nauli ya mizigo tulipofika Hale. Ni takribani kilomita 90 za lami, mkonge ukiwa umepangwa mistari huku na huku, na machungwa ya Muheza yakiuzwa kwa ndoo barabarani.

Nyumba tuliyofikia ipo Raskazone, hatua chache kutoka ufukweni. Mwenyewe ameniomba nisiitaje kwa jina kwa sababu ina vyumba sita tu na hataki kuwarudisha watu. Atakayefika mtaani na kuulizia nyumba yenye mti mkubwa wa mkungu mbele ya baraza ataonyeshwa. Tulikuwa tumepiga simu kusema tungefika adhuhuri, tukafika saa tatu asubuhi tukiwa na vumbi la njia mbili. Mahali pengi tungeambiwa chumba bado hakijawa tayari. Mama mwenye nyumba alipokea shikamoo yetu, akasema, "Marahaba, wanangu, poleni na njia," akaagiza maji ya kunawa na kututandikia mkeka barazani, kisha ikaja chai ya maziwa pamoja na mkate wa kumimina na mbaazi za nazi. Nilipouliza daftari la wageni liko wapi niandike majina, alijibu kwamba jina halikimbii, tule kwanza. Daftari lililetwa alasiri, tulipokwisha kulala na kuamka.

Chumba chetu cha ghorofani kiligharimu shilingi 45,000 kwa watu wawili pamoja na kifungua kinywa. Shuka zilikuwa safi na zilinukia udi kwa mbali, feni ilifanya kazi usiku kucha, na kutoka dirishani kilionekana kisiwa cha Toten. Chandarua kilikuwa na matundu mawili yaliyoshonwa kwa uzi mweusi, jambo ambalo kwangu ni dalili ya uangalifu, ingawa mke wangu aliliona kuwa dalili ya kuchelewa kununua kipya. Maji ya bomba hupungua nguvu baada ya saa mbili usiku, na anayeoga kwa kuchelewa huoga kwa ndoo.

Chakula cha jioni lazima kiagizwe asubuhi, kwa kuwa mama hutuma mtu soko la samaki la Deep Sea na hapiki samaki aliyelala. Tulikula changu wa kupaka, nazi nzito iliyokolezwa ukwaju, pamoja na wali uliochambuka punje kwa punje, na sijala samaki wa namna hiyo katika hoteli yoyote ya Dar es Salaam inayotoza mara tatu. Lawama yangu ni moja: bei ya chakula hicho hatukuambiwa mpaka siku ya hesabu. Haikuwa kubwa, lakini mgeni mwenye fedha ya kuhesabu angependa kuijua kabla ya kuagiza sahani ya pili, kama nilivyofanya mimi.

Wenyeji husema "waja leo, waondoka leo". Sisi tulipanga siku mbili tukaongeza ya tatu. Siku ya kuondoka mama aliuliza treni ya kurudi inapita Korogwe saa ngapi, akahesabu saa kwa vidole kurudi nyuma, akatufungia vitumbua vya njiani na kutuamuru tuwe kituo cha basi kabla ya adhuhuri. Treni tuliikuta bado haijaingia, na vitumbua vilikuwa vimekwisha tangu Muheza.