RAW au JPEG kwa ndege wa matopeni?

RAW ni faili ghafi la kamera; JPEG ni picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. Mwamuzi wa kwanza wa mzozo wa kuchagua kati yao ni manyoya meupe. Yangeyange akisimama juani kwenye tope jeusi, kamera hulitazama zaidi tope, inaongeza mwanga, na mgongo wa ndege unabaki bapa jeupe lisiloonyesha unyoya hata mmoja. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukipunguza weupe kwenye kompyuta, RAW mara nyingi hurudisha mistari ya manyoya pale ambapo JPEG inakupa kijivu kitupu. Ila haifanyi miujiza: weupe ulioungua kabisa umeungua, kwa hiyo punguza mwanga kidogo wakati wa kupiga.

Kwa kasi, JPEG inashinda. Sululu wakiruka kundi zima, RAW hujaza bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) mapema, na kamera inasita wakati uleule mabawa yamefunguka.

Gharama? RAW inakula kadi na diski, na inadai programu inayoitambua kamera yako. JPEG inafunguka popote.

Ukipenda ndege weupe, au unachapisha picha kubwa, chukua RAW. Kama unahesabu makundi au kutambua spishi tu, JPEG inatosha, wala usione haya. Kupiga zote mbili kwa pamoja kunawezekana, ila mimi naona ni kujaza kadi bure, isipokuwa pale mtu anaposubiri picha jioni hiyohiyo na wewe bado unataka faili la kuhariri kwa utulivu.