Popo wa Daraja la Congress, Austin: lipia boti, na uende Agosti

Popo wa Daraja la Congress Avenue, mjini Austin, Texas, nimewatazama nikiwa juu ya daraja, nikiwa kwenye majani ya ukingo wa kusini, na nikiwa kwenye boti katika Ziwa Lady Bird. Boti ndiyo pekee inayolipiwa, na ndiyo ninayoitetea.

Darajani ni bure. Simama upande wa mashariki, maana wengi huelekea huko wakifuata maji. Ila watu hujazana kwenye ukingo jua likiwa bado juu, na ukiwa pale unaona kundi likishaondoka tu. Yanayotokea chini ya miguu yako hayakufikii.

Kwenye boti uko chini ya mianya yenyewe wanamoishi. Daraja lilipojengwa upya mwaka 1980, zege liliachiwa nafasi nyembamba za kutanukia, na popo wakaziona zinawafaa: finyu, za kina, zenye joto. Watu wengi mjini waliogopa na kutaka waangamizwe. Merlin Tuttle, mtaalamu wa popo, alihamia Austin mwaka 1986 akaanza kuwaelimisha wakazi, na ninamshukuru kila nikiinua macho pale. Siku hizi wanakadiriwa kufika milioni 1.5 wakati wa kiangazi.

Harufu ya kinyesi inatangulia, kali, ya kuwasha pua. Halafu unasikia milio myembamba ndani ya zege, mingi mno, huku huoni kitu. Wanachomoka wachache, wanazunguka nguzo. Kisha mwanya mzima unafunguka, na popo wanamwagika juu ya kichwa chako bila kukoma, wanajipanga kuwa utepe mrefu mweusi unaopinda kuelekea mashariki. Upepo wa mabawa unausikia usoni. Kuna mwewe pia, wanakatiza katikati ya kundi kutafuta riziki yao.

Kabla ya kulipa, uliza kama nahodha huzima injini na kama wanatumia taa nyekundu. Nahodha wetu alifanya yote mawili, na aliwaambia abiria wazime mwanga wa simu. Hilo kwangu ni la lazima, wasisumbuliwe: wale ni wazazi wanaokwenda kutafuta chakula, hasa nondo ambao viwavi wao hushambulia mahindi na pamba. Mkulima wa Texas anapaswa kuwashukuru kuliko sisi watazamaji.

Kuhusu mwezi: wanafika Machi kutoka Meksiko na wengi wanarudi huko mnamo Novemba. Karibu wote ni majike, na kila mmoja huzaa mtoto mmoja, kwa kawaida Juni. Agosti watoto wameanza kuruka, kwa hiyo kundi ni nene zaidi. Mwezi huo fika saa mbili kasoro usiku. Kwa sehemu kubwa ya mwezi, jua linazama saa mbili usiku ikiwa imeshapita.

Wazazi wenzangu, ukimkuta popo ameanguka chini, usimguse wala usimwache mtoto amshike. Wachache huwa na kichaa cha mbwa, na popo anayekubali kuokotwa huenda ni mgonjwa. Na msiondoke lile wimbi la kwanza likipungua, kama wengi wafanyavyo. Mara nyingi wengine bado wamo ndani ya zege, na hao nao hutoka.