Kola laini ya shingo baada ya gari kugongwa nyuma: uzoefu wangu

Kola ninayoizungumzia ni ile ya sponji iliyovishwa kitambaa cha pamba, inafungwa kisogoni kwa kitambaa cha kunatana. Utaipata kwenye maduka ya vifaa tiba na famasi kubwa za mjini. Nimeivaa kwa shingo iliyokakamaa baada ya gari kugongwa kwa nyuma, na ninaipa nyota tatu kati ya tano. Inatuliza. Haiponyi, na ukiing'ang'ania inakurudisha nyuma.

Kabla ya kuinunua, hakikisha shingo haijavunjika. Kola ya sponji haiwezi kuzuia pingili (kimoja cha vipande vya mfupa wa shingo) iliyovunjika isisogee. Kazi hiyo ni ya kola ngumu ya plastiki inayofungwa na wahudumu wa dharura. Madaktari wengi hutumia kanuni iliyotolewa Kanada mwaka 2001 kuamua nani apigwe picha. Mwenye miaka 65 au zaidi anapigwa. Mwenye ganzi au hisia ya kuchomwachomwa mikononi au miguuni anapigwa. Vivyo hivyo aliyekuwa kwenye gari lililobingirika, aliyerushwa nje, au aliyeanguka kutoka kimo cha mita 1 au ngazi 5. Mimi ajali ya bodaboda naiweka kundi hilohilo bila mjadala. Na angalia hapa, maana wengi hupajua nusu: kugongwa kwa nyuma huhesabiwa kuwa ajali nyepesi, lakini si pale unapogongwa na basi au lori, au gari lako linaposukumwa kwenye upande wa magari yanayokuja.

Kama hakuna hatari hizo, na kuna dalili nzuri kama vile mtu ametembea mwenyewe, maumivu yamechelewa kuanza, au mfupa wa katikati ya shingo hauumi ukibonyezwa, daktari humwambia ageuze kichwa nyuzi 45 kulia na 45 kushoto. Akiweza, picha haihitajiki. Kipimo hiki ni cha mtu mwenye fahamu timamu, si mlevi wala aliyechanganyikiwa, na kinafanywa na daktari. Usijaribie barabarani. Pale ajalini, mwenye maumivu ya katikati ya shingo au ganzi aachwe alivyo, kichwa kishikwe kwa mikono miwili kisitikisike, asivutwe nje isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo.

Ukipigwa eksirei, uliza kama pingili zote saba zimeonekana. Picha ya ubavuni inatakiwa ifike mpaka mwanzo wa pingili ya kwanza ya kifua, na kwa watu wenye mabega mapana sehemu ya chini hufichika, kwa hiyo picha hurudiwa mabega yakiwa yameshushwa au mtu hupelekwa siti-skani. Kuna pia ile ya mdomo wazi, inayoonyesha pingili mbili za juu. Nayo eksirei huonyesha mifupa. Misuli na kano zilizovutika hazionekani humo, hivyo "picha iko safi" haina maana kwamba maumivu ni ya kujitungia.

Sasa kola yenyewe. Pima mambo mawili: mzunguko wa shingo, na kimo kutoka chini ya kidevu hadi shimo la juu ya kifua huku unatazama mbele. Kosa la kawaida dukani ni kuchukua ndefu mno. Inasukuma kidevu juu, kichwa kinalala nyuma, na viungo vya nyuma ya shingo vilivyoumia vinabanwa zaidi. Fupi mno inaacha kichwa kining'inie mbele. Upande wenye mkato huketi chini ya kidevu. Nimeona watu wameigeuza juu chini kisha wanalalamika inakaba. Ukishafunga, kidole kimoja kipite kati ya sponji na ngozi.

Vaa kwa vipindi vifupi siku mbili tatu za mwanzo, hasa jioni shingo ikichoka kubeba kichwa. Ivue kila baada ya muda uisogeze shingo. Usilale nayo, usile nayo, na usiendeshe gari nayo kwa sababu huwezi kugeuka kuangalia pembeni. Misuli isiyotumika hulegea haraka na viungo hukaza, na ndiyo maana aliyeivaa wiki kadhaa huivua akiwa na shingo ngumu kuliko mwanzo. Kasoro nyingine ni joto. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa sponji hunyonya jasho na upele hutoka chini ya kidevu, kwa hiyo nunua yenye kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa.

Kinachoponya ni kusogea. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupangia, ila mwanzo huwa ni huu: keti wima, geuza kichwa taratibu kulia mpaka panapoanza kukaza, rudi, kisha kushoto. Halafu inamisha sikio kuelekea bega, kila upande. Kisha rudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, macho yakitazama mbele, shikilia sekunde 5. Rudia kila zoezi mara 10, mara kadhaa kwa siku. Uchungu ukipanda kidogo na kupoa baada ya muda mfupi, endelea. Ukishuka kwenye mkono kama shoti, acha urudi kwa daktari. Baadaye huongezwa mazoezi ya kusukuma paji la uso kwenye kiganja bila kichwa kusogea.

Dawa: mtu mzima mwenye afya anaweza kumeza parasetamo gramu 1, isizidi gramu 4 kwa siku. Tatizo ni vile vidonge vya diklofenaki ambavyo tayari vina parasetamo ndani. Soma boksi, usijikute unameza dozi mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au pumu asiguse diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri wa daktari.

Na jamani, kile kitendo cha kinyozi kuzungusha kichwa mpaka shingo ilie, kikatae kabisa baada ya ajali. Kukunja kwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda ubongoni kupitia pingili, na matokeo yake ni kiharusi. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ukaona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito au kichwa kikauma na kutapika, hiyo si kazi ya kola wala vidonge. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa Tanzania, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituo cha polisi hata kama siku ya ajali huumwi sana, kwa sababu maumivu haya mara nyingi huja kesho yake. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza, fomu itafuata. Mwambie daktari aandike shingo inageuka kiasi gani kila upande na kama kuna ganzi, maana neno "maumivu" peke yake halitoshi ukidai kwenye bima ndogo (ile inayofidia watu wengine) ya aliyekugonga. Tunza nakala ya fomu, picha na risiti, ya kola ikiwemo.

Ukirudi kwenye usukani, pandisha kiegemeo cha kichwa mpaka ncha yake ilingane na utosi, na egemeo la kiti lisilale sana, ili kisogo kiwe karibu nacho. Magari mengi ninayopanda yana kiegemeo kilichoshushwa hadi mwisho, na hapo hakizuii kichwa, kinagonga shingo.